Tupeane uzoefu: kujaribu na kuchagua krosova ndogo ya familia kabla ya kulipa

Mleta mada:
Wakuu, uzi huu ni wa wanaozijua krosova ndogo kwa mikono yao: mafundi, wakaguzi, madereva, na wazazi wanaofunga viti vya watoto kila siku. Habari za "hii mashine kali" tuziache. Leta kipimo: unafanya nini, unasikia nini, na maana yake ni nini.

Naanza. Kosa la wanunuzi wengi ni kuzunguka mtaa dakika tano na kurudi wakitabasamu. Kwa muda huo injini ndiyo kwanza inapata moto, na oili ya gia bado kabisa. Omba dakika 40 au zaidi, upange njia mwenyewe: mwendo wa kutambaa, kisha mlima, kisha barabara ya kasi ya kilomita 80 hadi 100 kwa saa, kisha barabara yenye mashimo, mwisho maegesho finyu. Redio izimwe tangu mwanzo. Kiyoyozi kizimwe nusu ya kwanza, kiwashwe nusu ya pili, ili usikie injini ikiwa peke yake na ikiwa na mzigo wa kompresa. Ukiwasha kiyoyozi gari limesimama, injini ipandishe mzunguko kidogo na itulie. Ikitetemesha usukani na viti, tazama injini mauntingi (raba zinazoshikilia injini) na plagi.

Na jaribu mara mbili: mara ya kwanza peke yako, mara ya pili na familia nzima ndani. Gari la lita 1.5 lisilo na tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi) huwa jepesi likiwa na dereva tu. Wakikaa watu watano na buti limejaa, kutoka kilomita 60 hadi 100 mlimani ni habari nyingine, na hapo ndipo utajua kama utaweza kulipita lori kwa usalama.

Fundi Injini:
Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti kabla hata ya salamu kwisha. Likiwa la moto, rudi siku nyingine. Anayepasha injini moto mapema anakunyima kipimo bora kuliko vyote.

Ukipiga stati injini ikiwa baridi, sikiliza sekunde mbili za kwanza. Cheni ya taiming (inayoendesha valvu kwa wakati wake) iliyolegea hulia kwa mkwaruzo kisha hunyamaza, kwa sababu presha ya oili ikifika inaisukuma tenshena na kuikaza cheni. Injini iliyokwisha kupata moto haitakuonyesha hilo.

Mtu mwingine asimame nyuma ya eksozi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua: ukitoka wakati wa stati tu, mara nyingi ni sili za valvu, ukitoka kila unapokanyaga mafuta, fikiria ringi za pistoni. Moshi mweupe mzito, wenye harufu tamu, usiokwisha hata injini ikiwa ya moto, ni kulenti (maji ya kupozea injini) inaingia kwenye silinda. Mvuke mwepesi wa asubuhi ya baridi unaopotea baada ya dakika chache ni maji tu, usimkimbie mtu kwa hilo. Mweusi kwenye injini ya petroli ni mafuta kuzidi hewa.

Vuta kijiti cha oili. Watu huangalia kama oili imepungua. Angalia pia kama imezidi. Kiwango kikiwa juu ya alama ya juu na kijiti kinanuka petroli, petroli inashuka kwenye oili na kuipunguzia uzito. Ni jambo linalojulikana kwenye injini za Honda za lita 1.5 zenye tabo, zilizofungwa kwenye CR-V, hasa zikitumika maeneo ya baridi kali kwa safari fupi fupi.

Jambo jingine ambalo tangazo halitakuambia: mkanda wa taiming unaozama ndani ya oili. Upo kwenye matoleo mengi ya injini ya 1.2 PureTech (Peugeot 2008 na 3008) na kwenye 1.0 EcoBoost ya Ford, iliyomo pia kwenye EcoSport. Oili isiyo sahihi, au iliyokaa muda mrefu, huufanya mkanda uvimbe na kumomonyoka, vipande vinaziba chujio la pampu ya oili, presha inashuka, injini inakufa. Kwenye PureTech mkanda unaonekana ukifungua kifuniko cha kujazia oili. Tazama nyufa na kingo zinazochanika. Kama hakuna kumbukumbu ya sevisi inayotaja aina ya oili iliyotumika, mimi ningeliacha gari hilo hata likiwa zuri namna gani.

Mdau wa Gia:
Hapa tukae kidogo, maana kwenye krosova ndogo gia boksi ndiyo inayokula pesa.

Kwanza ujue unaendesha gia ya aina gani. Gari zinafanana kwa nje, lever ni ileile ya P-R-N-D, lakini ndani kuna mambo matatu tofauti: CVT (haina hatua za gia, mkanda wa chuma huteleza juu na chini kwenye puli mbili), gia za klachi mbili (klachi mbili zinazopokezana gia, kompyuta ikizibadili), na otomatiki ya kawaida yenye tokiyu konveta (kifaa cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia). Nissan X-Trail na Qashqai za petroli kwa sehemu kubwa ni CVT. Mazda CX-5 ni otomatiki ya kawaida ya hatua sita. Hyundai Tucson ya 1.6 tabo iliuzwa na klachi mbili kavu zenye hatua saba. Honda Vezel ya mwanzo inawachanganya wengi: ya petroli tupu ni CVT, ya haibridi ni klachi mbili, na hiyo ya haibridi ilirudishwa kiwandani zaidi ya mara moja kurekebishwa programu ya gia. Ukiikagua kama CVT utapima vitu visivyokuwepo.

CVT: gari likiwa limesimama, kanyaga breki, toa P weka R, kisha D. Lisichelewe kushika wala kupiga kishindo. Achia breki, litambae lenyewe bila kusita. Halafu endesha kati ya kilomita 20 na 60 kwa kukanyaga mafuta kidogo sana, kama mtu asiye na haraka. Mtetemo wa vipindi vifupi katika mwendo huo ni dalili mbaya. Hutokana na mkanda wa chuma kukosa mshiko kwenye puli, au klachi ya ndani ya konveta kutoshika sawasawa. Ukikanyaga mafuta mengi utaufunika, ndiyo maana wauzaji hupenda ukanyage sana. Mlio mwembamba unaopanda pamoja na kasi ni beringi. Mzunguko wa injini ukipanda lakini gari haliongezi mwendo, malizia hapo.

Baada ya hapo lipe mlima mrefu au nusu saa ya mwendo wa kasi. CVT ikipata joto kupita kiasi hujilinda kwa kupunguza nguvu, na gari linakuwa zito ghafla. Likifanya hivyo mikononi mwako siku ya majaribio, fikiria litakavyokuwa na abiria watano.

Uliza oili ya gia ilibadilishwa lini na ni ipi. CVT haipokei oili ya otomatiki ya kawaida, ile inayoitwa haidroliki mitaani. Kila kiwanda kina yake. Nissan za kizazi cha X-Trail T32 hutumia NS-3, Honda hutumia HCF-2. Ukisikia "tuliweka haidroliki nzuri tu," umeshapata jibu. Na yale maneno kwamba oili hiyo ni ya maisha yote ya gari, msiyakubali. Kubadilisha kila kilomita 40,000 hadi 60,000 ni utaratibu wa busara, hasa kwa gari la foleni na joto.

Klachi mbili kavu: zipime kwenye foleni. Tambaa dakika kumi, simama, tambaa. Kisha simama kwenye mwinuko, achia breki, anza taratibu. Klachi iliyochoka hutetemesha gari zima inapoanza kushika.

Zote tatu: rudi rivasi ukipanda mwinuko. Kipimo kifupi, hakuna anayekifanya, na mzigo wake unaonyesha udhaifu ambao mwendo wa mbele unauficha.

Mchangiaji:
Mkuu, kuna RAV4 ya 2.0 ambayo wanasema ni CVT lakini inabadili gia moja waziwazi ikianza kuondoka. Ndiyo kuharibika?

Mdau wa Gia:
Hapana mkuu. RAV4 za kizazi kilichotoka mwishoni mwa 2018 na CVT ya Direct Shift zina gia halisi ya kuondokea. Gari linaondoka kwa gia hiyo, kisha linahamia kwenye mkanda. Utasikia mabadiliko madogo kasi ikiwa bado ndogo. Yakiwa laini ni kawaida. Yakiwa kishindo, hapo sawa kuwa na shaka.

Mama wa Viti Vitatu:
Naomba wanaume wanisikilize kwenye hili. Msichague gari la familia bila kubeba viti vya watoto vyenyewe siku ya majaribio. Beba na kigari cha mtoto.

Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kinakula nafasi ya mbele. Kifunge nyuma ya kiti cha abiria, kisha mtu mzima akae mbele. Magoti yake yakigusa dashibodi, gari ni dogo kwenu, hata kama tangazo linasema lina nafasi. Fanya hivyohivyo nyuma ya dereva, kwa dereva mrefu kuliko wote nyumbani.

Vyuma vya ISOFIX (vya kubania kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye bodi ya gari) kwa kawaida viko kwenye viti viwili vya pembeni tu. Ingiza mkono kati ya kiti na mgongo wake uviguse, usiamini nembo peke yake. Kwenye baadhi ya magari vimezama ndani ya povu kiasi kwamba kufunga kiti ni vita kila siku. Tafuta pia mahali pa kufunga mkanda wa juu wa kiti cha mtoto: nyuma ya mgongo wa kiti, au kwenye sakafu ya buti. Kumbukeni ISOFIX ina kikomo cha uzito, kwa kawaida kilo 33 mtoto na kiti chake pamoja; zaidi ya hapo mkanda wa gari ndio unaobeba. Na kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele penye eabegi (mfuko wa hewa) iliyo hai. Kama gari halina swichi ya kuizima, mtoto akae nyuma.

Viti vitatu kwa mpigo? Lita za buti na urefu wa gari havitakuambia kitu. Vifungeni vyote vitatu na mfunge mikanda yote mitatu. Mara nyingi vinaenea, lakini kifungio cha mkanda wa katikati kinafunikwa na mkono hauingii.

Kwenye buti, kizingiti kikiwa juu sana mgongo utalia, maana kigari cha mtoto kinanyanyuliwa mara nyingi kuliko masanduku ya safari. Tena milango ya nyuma ifunguke wazi karibu pembe mraba, umfunge mtoto bila kujikunja.

Mkaguzi wa Bodi:
Kifaa cha kupimia unene wa rangi kinatosha mfukoni. Rangi ya kiwandani huwa takribani mikroni 80 hadi 150. Paneli moja ikisoma 250, imepigwa rangi upya. Ikisoma mamia mengi zaidi, chini yake kuna fila (puti ya kujazia mabonde). Kupigwa rangi mlango si kosa. Kupigwa rangi nguzo ya kati, au kuta za buti kwa ndani, ni ajali iliyofika mbali.

Inua zulia la buti na gurudumu la akiba. Angalia mikunjo kwenye bati, silanti (gundi ya kuziba maungio) iliyopakwa kwa mkono, na maji. Vuta mikanda ya usalama mpaka mwisho: mstari wa tope sehemu ambayo kwa kawaida imejikunja ndani ni dalili ya mafuriko. Tazama na kutu kwenye boliti za viti. Gari lenye paa la kioo, gusa zulia la mbele pande zote mbili. Mirija ya kutoa maji ikiziba, maji huteremkia huko, kwenye nyaya.

Namba ya chesisi iulizie kama gari lina wito wa kurudishwa kiwandani ambao haujatekelezwa, hasa kwa eabegi zenye kasoro za kampuni ya Takata. Hizo zilihusu makumi ya mamilioni ya magari duniani, kwa hiyo usidhani lako halimo.

Mchangiaji:
Vipi kuhusu magurudumu yote manne kuvuta, ina ulazima?

Fundi Injini:
Kama njia yako haina tope, mchanga wala theluji, ya magurudumu mawili ni nyepesi na ina vitu vichache vya kuharibika. Ukichukua ya manne, anza na tairi. Zote ziwe aina moja na kashata (meno ya tairi) zilizolika sawa. Subaru, kwa mfano, wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi isizidi milimita 6.4, yaani kama milimita moja tu ya kina cha kashata. Ikizidi, klachi ya kugawa nguvu inafanya kazi muda wote na kuungua. Kwenye lami kavu kata usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu kulia na kushoto. Tak-tak-tak ni jointi za ekseli. Gari likijikaza kama limeshikwa breki, mfumo wa kugawa nguvu una tatizo, au tairi hazilingani.

Soma na tarehe ya tairi ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kulika upande wa ndani tu ni alaimenti au bushi. Kulika kwa mabonde-mabonde ni shokapu.

Mdau wa Haibridi:
Kwa Toyota C-HR na RAV4 za haibridi, tafuta tundu la hewa la kupoza betri chini ya kiti cha nyuma. Vumbi, nywele za mbwa na makombo ya watoto huziba kichujio chake, betri inapata joto na kuzeeka mapema. Lipige tochi.

Halafu unganisha kisomeo cha OBD (kinachosoma makosa kwenye kompyuta ya gari) kabla ya kuondoka na baada ya kurudi. Usiishie kuona kwamba hakuna makosa. Tazama majaribio ya ndani ya mfumo kama yamekamilika, na kilomita zilizotembewa tangu makosa yafutwe. Yakiwa hayajakamilika na kilomita ni 12, kuna mtu alifuta makosa asubuhi hiyo, au betri ndogo ya volti 12 ilichomolewa. Na unapowasha swichi kabla ya stati, taa ya injini lazima iwake. Isipowaka kabisa, muulize aliyeizima.