Maumivu ya sainasi: nani anajua kukanda uso kwa upole bila kuyazidisha?

Tunu82

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu.

Nasumbuliwa na sainasi kwa muda mrefu sasa. Kila nikipata mafua, makamasi yakianza kuwa mazito ndipo kichwa kinapoanza. Maumivu yanakaa juu ya nyusi na kwenye mashavu, upande wa kulia ukizidi. Nikiinama kufunga viatu nahisi uso mzima umejaa, na meno ya juu ya nyuma yanauma ingawa hayana tundu. Asubuhi ni mbaya kuliko jioni.

Dawa za maumivu nimechoka kuzimeza. Rafiki alinipeleka kwa mtu anayekanda, akanibana mashavu kwa dole gumba kwa nguvu zake zote. Nilitoka pale uso umevimba na kichwa kimezidi. Lakini nasikia upo ukandaji wa taratibu, wa kugusa tu, ambao unaleta nafuu. Ni kweli? Mtu anaanzia wapi, anagusa kwa uzito gani, na nitajuaje kwamba hapa sasa ni pa kwenda hospitali? Anayeijua kazi hii naomba anieleze kwa kirefu.

Mwanahamisi

Pole sana dada. Mimi huweka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu usoni mpaka kipoe, halafu nashikilia taratibu kwa ncha za vidole pembeni mwa tundu za pua, kisha kwenye kona za ndani za nyusi. Nashikilia tu, sisugui. Pua inalegea kidogo na kichwa kinapungua, ingawa nafuu yenyewe haikai sana. Hiyo ya kubanwa kwa nguvu usirudie.

Mikono_Myepesi

Dada Tunu, pole. Mimi ni mfiziotherapia na watu wenye shida kama yako nawapokea mara kwa mara, kwa hiyo nivumilie nikiandika marefu.

Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso. Viko jozi nne: juu ya nyusi, mashavuni, katikati ya macho, na jozi moja iliyojificha ndani kabisa nyuma ya pua. Kila chumba kina kitundu chembamba cha kutolea ute puani. Mafua yakivimbisha utando wa ndani, kitundu kinaziba, ute unabaki humo na mgandamizo unaanza kuuma. Sasa fikiria: chumba kimezungukwa na mfupa pande zote. Hakuna dole gumba linaloweza kukikamua. Aliyekubana aliumiza nyama ya shavu pamoja na mshipa wa fahamu unaotokeza kwenye kitundu cha mfupa, chini kidogo ya jicho. Mshipa ule ukibanwa, uso lazima uume.

Mkono mwepesi unafanya kazi nyingine kabisa. Chini tu ya ngozi kuna mishipa ya limfu, myembamba sana, inayochukua maji ya uvimbe na kuyapeleka kwenye tezi za mbele ya masikio, chini ya taya na shingoni, kisha kuyarudisha kwenye damu nyuma ya mtulinga. Ukibonyeza kwa nguvu unaifunga. Ukiivuta ngozi polepole unaisaidia. Waliouendeleza ukandaji huu ni mume na mke kutoka Denmaki, Emil na Estrid Vodder. Miaka ya 1930 walikuwa wakifanya kazi Ufaransa, wakipokea watu wenye mafua sugu na sainasi, na wakaona tezi za shingo za watu hao zimevimba. Enzi hizo kugusa tezi kulionekana jambo la hatari. Wao walizigusa kwa mkono mwepesi, na mwaka 1936 wakauonyesha ukandaji wao Paris. Napenda kuwakumbusha watu hilo, kwa sababu wengi wanadhani kazi hii ilianzia kwenye urembo wa uso, kumbe ilianzia kwenye tatizo kama lako.

Jambo la pili ni shingo, na hapa ndipo watu wengi wanapopitwa. Mwenye mafua analala vibaya, anapumua kwa mdomo, kichwa kinatangulia mbele. Ule msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga unakaza, na ukikaza maumivu yake hayakai shingoni: yanajitokeza kwenye paji la uso, kuzunguka jicho na shavuni. Ndiyo maana mtu akija kwangu kulalamikia sainasi naanza kupima shingo kabla sijamgusa uso.

Kwa hiyo nawe anzia chini. Lala chali au egemea vizuri, mikono safi, bila mafuta, maana tunataka ngozi iende na vidole, siyo vidole viteleze juu yake. Weka vidole bapa kwenye vishimo vya juu ya mtulinga, vuta ngozi kidogo kuelekea chini, achia ijirudie. Polepole, kwa mwendo wa pumzi iliyotulia. Kaa hapo kwanza, usiwe na haraka ya kufika usoni, kwa sababu njia ya kutokea ndiyo inayofunguliwa mwanzo. Kisha pembeni mwa shingo kushuka, chini ya taya, mbele ya masikio. Baada ya hapo ndipo uingie usoni: kutoka pembeni mwa pua, kupita shavuni kuelekea sikioni, na kutoka katikati ya paji la uso kuelekea panja, kisha kushuka mbele ya sikio. Uzito? Gusa ukope wako uliofumba. Uzito ambao jicho linauvumilia bila kusumbuka ndio huo huo wa uso mzima. Ukianza kuhisi mfupa chini ya kidole, umezidisha.

Shingoni fanya upande mmoja kwa wakati, na usibonyeze pale unaposikia mapigo. Mshipa mkubwa wa damu una sehemu inayopima msukumo wa damu. Ukiikandamiza, moyo unaweza kupunguza mwendo na mtu akazimia, hasa akiwa na umri mkubwa.

Halafu kuhusu asubuhi. Kitundu cha chumba cha shavu kiko juu, karibu na dari lake, siyo chini. Ukiwa umesimama ute haumwagiki wenyewe, unasukumwa kupanda na vinyweleo vidogo sana vya utando. Ukilalia upande wa kushoto, kitundu cha kulia kinapata nafasi ya kutoa. Jaribu hivyo baada ya kukanda, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo.

Nisikudanganye: ukandaji hauui vijidudu wala haurekebishi pua iliyopinda. Unapunguza mbano, unatuliza, unakupa saa chache za kupumua na kulala. Na ukikutana na mtu anayesema anasogeza mifupa ya fuvu lako ili sainasi zifunguke, maelezo hayo mimi siyakubali. Mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshikamana. Mguso wake unaweza kukupumzisha, lakini siyo kwa sababu hiyo anayoitoa.

Tabibu_PuaKoo

Ndugu Mikono ameeleza vizuri. Niongeze lililo muhimu kabla ya mkono wowote: hakikisha ni sainasi kweli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulichunguza watu 2,991 walioamini, au walioambiwa na daktari, kwamba wana maumivu ya kichwa ya sainasi. Asilimia 88 kati yao walikuwa na dalili za kipandauso. Kipandauso kinaweza kuziba pua na kutoa kamasi jepesi, na macho yakalengalenga, kwa sababu neva ya uso inapochokozwa inaamsha pia zile zinazoendesha tezi za pua. Ukiona mwanga unakukera, kichefuchefu, kichwa kinadunda na unatamani kujifungia gizani, nenda upimwe kipandauso. Kina dawa zake, na ni huzuni kumwona mtu akimeza antibiotiki kila mara kwa ugonjwa ambao hauhusiani na bakteria.

Hata sainasi ya kweli, mara nyingi inaletwa na virusi na hupungua yenyewe. Tunaanza kushuku bakteria siku 10 zikipita bila nafuu, au ukipata nafuu halafu hali ikageuka mbaya tena. Na meno hayo ya juu mwonyeshe daktari wa meno hata kama huoni tundu. Mizizi yake iko jirani kabisa na sakafu ya sainasi ya shavu, na jino bovu linaweza kuijaza usaha upande mmoja, mara nyingi kwa harufu mbaya.

Usikande, nenda hospitali haraka, kama jicho limevimba au unaona vitu viwili viwili, shingo imekakamaa, umechanganyikiwa, paji la uso limetoa uvimbe, au maumivu yamekuja ghafla kwa ukali usiowahi kuusikia. Aliyezidi miaka 50 akapata maumivu mapya ya kichwa na panja linauma likiguswa, naye asikandwe. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa mishipa ya damu unaotishia macho, aonwe siku hiyo hiyo.

Tunu82

Ahsanteni sana, Mungu awazidishie. Nimejaribu jana usiku kwa kuanzia mtulingani. Shingo yangu ya kulia ilikuwa imekaza vibaya na sikuwa najua. Pua ilifunguka kidogo, nikalala. Kwa daktari wa meno nitakwenda wiki hii.

Swali dogo: mwanangu ana miaka minne, naye ana mafua na anashika paji la uso akisema linauma. Nimfanyie haya haya? Na nimfukizie?

Mikono_Myepesi

Kumfukizia kwa beseni la maji ya moto hapana kabisa, dada. Watoto wanaungua kwa maji hayo, na faida yake ni ndogo. Mwekee matone ya maji ya chumvi ya kununua dukani yaliyotengenezwa kwa pua za watoto. Ukitaka kutengeneza mwenyewe, maji lazima yachemshwe na kupoa, usitumie ya bomba moja kwa moja.

Kumpapasa paji la uso na mashavu kwa uzito ule wa ukope hakuna ubaya, akikubali mwenyewe. Shingo yake iache. Ila sainasi za juu ya nyusi kwa kawaida hazijakomaa kabla ya miaka sita au saba, kwa hiyo kwa umri wake maumivu ya hapo usiyahesabu kuwa ni ya sainasi. Mpeleke apimwe masikio, koo, macho na homa. Akianza kutapika, kulala kupita kawaida au kukataa kuinamisha shingo, usingoje kuche.