Tupeane uzoefu: mashine za kukatia ua, tuzitumie bila kuumia

MtunzaBustani, Arusha
Wakuu, habari za leo. Masika yameisha, nyua za miti zimechachamaa, na mashine zinalia kila mtaa. Vijana wengi wameacha panga na mkasi wakahamia kwenye mashine, na mafunzo waliyopewa ni "vuta kamba hii" tu. Naomba mwenye uzoefu, iwe ya petroli, umeme au betri, aweke hapa anachokijua.

Naanza mimi. Ninachokiogopa zaidi ni pale mashine inaponasa. Kijiti kigumu cha mchongoma kinaingia kati ya meno, yanagoma, na mkono unakwenda kukichomoa. Kijiti kikishatoka, meno yanaweza kuruka kumalizia mwendo wake, na kidole kipo pale pale. Kwa hiyo kabla ya kugusa: ya petroli, zima kisha chomoa kofia ya plagi ya cheche, ya betri, toa betri, ya umeme, chomoa kwenye soketi. Kuachia swichi pekee hakutoshi. Na tawi lisiloingia kati ya meno bila kulazimishwa, hilo ni la msumeno.

Fundi2T, Mwanza
Asante mkuu. Mimi natengeneza injini, na karibu kila mashine ya petroli inayofika kwangu imeuliwa na mafuta. Watu wamezoea bodaboda, ambayo ina oili yake chini kwenye injini, basi wanajaza petroli tupu. Mashine nyingi za ua ni tuu-stroku, hazina sehemu ya oili. Ile oili ya 2T unayochanganya kwenye petroli ndiyo pekee inayolainisha pistoni. Ukiikosa, pistoni inakwaruzika na silinda inakwenda nayo, na hapo bei ya matengenezo inakaribia bei ya mashine.

Soma kipimo kwenye kitabu chake au kwenye kifuniko cha tangi. Kikiwa 50 kwa 1, lita 5 za petroli zinataka mililita 100 za oili. Kikiwa 25 kwa 1, ni mililita 200. Changanya kwenye dumu safi, tikisa vizuri, ndipo umimine. Usikadirie kwa kifuniko cha soda, tafadhali!

Kama hutaitumia kwa muda mrefu, mwaga mafuta yaliyobaki kisha iache iungurume mpaka izimike yenyewe. Petroli iliyolala inaacha gundi kwenye kabureta. Na usijaze tangi wakati injini ni ya moto, acha ipoe kwanza.

MamaShamba, Dodoma
Huku kwetu ua ni manyara, na sijaona mtu akilitaja. Utomvu wake mweupe ni hatari sana kwa macho. Mkasi unaudondosha, lakini mashine inaurusha. Kijana aliyekuwa anakata ua wa jirani, utomvu uliruka ukamwingia jichoni, akapikicha kwa mkono ule ule wenye utomvu. Tulimwosha kwa maji mengi ya bomba kama robo saa ndipo akapelekwa hospitali. Jicho lilipona, lakini maumivu aliyoyapata mwanangu yule siyasahau. Miwani ya jua haifai, vaa ile inayoziba mpaka pembeni, glovu, na shati la mikono mirefu. Kanga na mitandio iachwe ndani.

Salim, Mombasa
Mie natumia ya umeme. Adui yake ni waya wake mwenyewe. Upitishe begani uning'inie nyuma yako, na anza kukata upande ulio karibu na soketi ukiondoka, usije ukaufuata waya. Mvua ikinyesha, au majani yakiwa na umande, kazi ingoje. Weka na ile swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Na waya ukikatika usiushike, nenda kachomoe kwanza.

Mgeni_Iringa
Na nyuki je?

MtunzaBustani, Arusha
Swali zuri. Zunguka ua wote kabla ya kuwasha, utikise kwa mti mrefu. Nyigu hupenda humo ndani, na mara nyingi kuna seng'enge ya zamani iliyomezwa na matawi. Ikigusa meno, yanapinda au kuvunjika.

Mgeni_Iringa
Shukrani. Yangu sasa inatafuna majani badala ya kukata. Nibadilishe meno?

MtunzaBustani, Arusha
Bado. Izime na uichomoe kama nilivyosema juu, vaa glovu, sugua utomvu kwa brashi na mafuta ya taa. Kisha kagua bolti za kisu: zikilegea, majani yanapita katikati bila kukatika. Kama bado, noa kila jino kwa tupa bapa ukifuata mwinamo wake wa awali, ukisukuma upande mmoja tu. Malizia kwa oili nyepesi kisu kizima, na uvishe ala yake kabla ya kuibeba.