Mrejesho: ganzi ya vidole na kukakamaa kwa kifundo cha mkono

Wakuu, niliuliza kama masaji inasaidia ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati kwa mtu anayeshinda kwenye kibodi. Inasaidia kiasi, ila pa kukanda si pale panapouma.

Kosa ni kubonyeza katikati ya kifundo, upande wa kiganja. Hapo neva (mshipa wa fahamu) ya vidole hivyo inapita kwenye njia nyembamba pamoja na kano 9, yaani kamba zinazounganisha misuli na mifupa. Ukibonyeza unaiminya zaidi na ganzi inaongezeka. Kanda misuli ya kigasha, upande wa ndani: mafuta kidogo, sukuma kwa gumba taratibu kutoka juu ya kifundo kuelekea kiwiko, dakika 5 hivi. Ikipiga kama shoti ya umeme, legeza papo hapo.

Nakiri, splinti ya usiku, yaani kifaa kigumu cha kuvaa kinachonyoosha kifundo, imefanya kazi kubwa kuliko masaji. Kulala umekunja kifundo kunaharibu yote ya mchana.

Ganzi ya kidole cha mwisho ni neva nyingine. Mara nyingi imebanwa kwenye kiwiko. Gumba likikosa nguvu au nyama ya chini yake ikianza kunywea, acha kukanda, muone daktari.