MREJESHO: Rekodi za muziki wa klasiki zenye sauti safi

Wakuu, salaam kutoka Ipagala, Dodoma. Mwezi uliopita niliuliza hapa nianze na rekodi zipi za klasiki zenye sauti safi kweli, maana nilizokuwa nazo zinakwaruza na ala zote zimebanana. Nimerudi na majibu.

Mkuu uliyesema nisitafute jina la mtunzi tu, niangalie pia orkesta, kondakta na mwaka, asante sana. Nilichukua Konseto ya Orkesta, utunzi wa Bartók, kondakta Fritz Reiner na orkesta ya Chicago Symphony, rekodi ya 1955. Sikuamini kama stirio ya miaka ile iko hivi! Selo na besi zinaanza chini kabisa, taratibu, halafu vayolini zinatetemeka juu yake, na unajua kila kundi limekaa upande gani. Ile Goldberg Variations, utunzi wa Bach, aliyoipiga mpiga piano Glenn Gould, rekodi ya 1981, unamsikia hadi mwenyewe akiimba chinichini huku anapiga piano.

FLAC (faili la muziki lisilopunguzwa ubora) nimenunua, ila kwa spika zangu sijasikia tofauti na MP3 ya kbps 320, ile ya ubora wa juu. Kilichobadilisha mambo ni kusogeza spika mbali na ukuta na kutandika zulia kwenye sakafu ya saruji.

Kilichoshindikana: sauti nzito ya besi bado inavuma kwenye kona moja ya chumba, na upepo wa huku ukianza, bati linagonga na sehemu za taratibu zinapotea. Kwa hiyo nasikiliza saa nne usiku, upepo ukitulia. Uliyenishauri zulia, Mungu akubariki, mama watoto naye kalipenda.