Tupeane uzoefu: mali ya mkulima mwenyewe mwainunua vipi Lamu na Malindi?

Assalam alaikum jamani. Nimehamia Amu, yaani mji wa Lamu, kikazi kutoka Nairobi, ambako nilikuwa nachukua sukuma kibandani bila kuuliza imetoka wapi. Hapa, soko la kando ya Ngome, mzigo mwingi umevuka maji kutoka Mokowe na bei hupanda kila unapopita mikononi mwa mtu. Nataka mali ya mashamba ya huko bara, Hindi na Mpeketoni, na pesa imfikie aliyelima. Wenyeji, mwafanyaje?

*Bi wa Mkomani:*
Karibu Amu, mwanangu. La kwanza ni saa. Mashua zikishateremsha na punda wakishapakiwa, mali nzuri imeshagawanywa kwa wachuuzi, kwa hivyo wahi asubuhi. La pili, uliza: "Hii yatoka wapi?" Mkulima atakwambia shamba, mvua ilivyokuwa, hata aliyeupanda mwembe. Mchuuzi atasema "bara" akunyamazie. Sisemi mchuuzi ni mbaya, naye ana watoto, lakini umeuliza habari ya mkulima.

Maembe ndiyo yenye mtihani. Upepo wa kaskazi ukishika, soko lote ni manjano, basi usinunue kwa macho. Ngowe ni refu, lina ncha iliyopinda kama mdomo wa kasuku, na nyama yake haina nyuzi. Dodo lina nyuzi, hilo la juisi. Wapo wanaovundika machanga kwa kabaidi, dawa ya kuivishia: ngozi yawa manjano tupu, ukikata ndani ni gumu na chachu ulimini. Linuse pale penye kikonyo. Lililokomaa mtini hunukia hapo hata likiwa bado na ukijani. Lisiponukia, rudisha polepole, usilibonyeze, mwenzio naye atalinunua.

*Kijana wa Langoni:*
Kikapu cha ukili, kaka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na hivi vya kitambaa vyaponda nyanya. Halafu fungu lazima ulipekue. Kuna muuzaji alinipangia nzuri juu, zilizooza chini. Siku hizi nachagua moja moja, na asiyekubali namuaga kwa heshima nakwenda kwa jirani yake.

*Mama Malindi:*
Huku kwetu tafuteni kina mama wa Kigiriama wanaoshuka na mboga zao kutoka Ganda na Magarini: mchunga, mnavu, kisamvu, matembele. Wanakaa chini pembeni, hawana meza, na ndio waliochuma kwa mikono yao. Angalia kikonyo cha shada: kikiwa bado kibichi na chatoa utomvu, mboga ni ya alfajiri.

Mimi kwa mchunga siombi punguzo. Niliketi na mama mmoja kivulini, akafungua upindo wa leso akahesabu nauli ya matatu ya kurudi, kilichosalia kikawa cha unga tu. Kwa hivyo nalipa alichosema kisha naomba nyongeza, na hunitilia shada jingine dogo kwa moyo mkunjufu. Ukimrudia yeye yule, atakuwekea.

Nafaka nayo ni kipimo. Vibaba vinne ndio pishi, lakini kopo lililobonyezwa tumbo halijazi. Tazama kopo kwanza, bei baadaye. Nazi itikise sikioni: ikilia maji na ni nzito, chukua, ikiwa kimya au macho yake yana ukungu, iache.

*Aliyeanzisha:*
Shukrani sana, Bi, na wewe Mama Malindi. Huo mchunga niliuonja, uchungu ulinishinda. Mwautoaje?

*Mama Malindi:*
Uchemshe kwa maji na chumvi, mwaga yale maji, ukamue. Changanya na mchicha nusu kwa nusu, kaanga kitunguu na nyanya, mwisho utie tui zito na uache lichemke kidogo bila kufunika. Kula na sima. Ukiwa na ukwaju, kamulia kidogo tu.