UB40 ni mbili, albamu ni mbili: ipi niipandishe chomboni?

Nahodha Mdogo, Shela

Assalaam aleikum. Watu wa taarab mnisamehe leo, nina swali la rege.

Nafanya kazi kwenye mashua ya ami yangu. Jioni tunatoka Shela na abiria, wageni na wenyeji, tunazunguka upande wa Manda mpaka jua lizame, ndipo turudi. Tanga ni la ami, muziki ni wangu. Flashi yangu ya zamani imeliwa na maji ya chumvi, najaza mpya, na bando la kuchezea sina. Za zamani za UB40, ile bendi ya rege ya Birmingham, Uingereza, nitaombaomba kwa watu. Hizi za karibuni ndizo zimenikwamisha, maana UB40 siku hizi ni mbili.

Kwa asiyefuatilia: Ali Campbell, mwenye ile sauti tuliyokua nayo, alitoka kwenye bendi 2008. Astro, yule aliyekuwa akichana katikati ya nyimbo kwa mtindo wa Kijamaika, akamfuata 2013. Wakapiga wakitumia jina la UB40 pamoja na majina yao wenyewe. Waliobaki, akiwemo Robin, kaka mkubwa wa Ali, nao ni UB40 vilevile. Walifikishana hadi mahakamani kwa ajili ya jina.

Upande wa Ali ulitoa Unprecedented 2022. Upande wa Robin ukatoa UB45 2024, kusherehekea miaka 45 ya bendi. Huko anaimba kijana anaitwa Matt Doyle, na nyimbo mpya zimechanganywa na za zamani walizozirekodi upya.

Nimezisikiliza zote mbili kwa simu ya binamu. UB45 niliisikiliza msimu wa kusi, chombo kiko juu ya mchanga, tunapiga kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao. Wallahi nyundo ya fundi ilikuwa inaangukia palepale gitaa la rege linapokatia, mpaka fundi mwenyewe akacheka. Unprecedented niliisikiliza usiku, peke yangu, juu ya dari. Ile haikunichekesha.

Nafasi na bando vinatosha moja tu kwa sasa. Semeni.

Tuktuk ya Barani, Malindi

UB45, wala usijiumize kichwa.

Mazee, mimi nina spika mbili chini ya kiti cha abiria. Nikishika njia ya Kisumu Ndogo hivi, besi ikianza kutembea, abiria anaacha simu anauliza "hawa ni kina nani?" Hiyo besi ni ya Earl Falconer. Ngoma ni Jimmy Brown. Hao wote wako upande wa Robin, ni wale wale wa tangu 1978. Rege ni besi na ngoma, mengine ni mapambo. Unprecedented nimeizungusha wiki nzima, hakuna abiria hata mmoja aliyeuliza kitu.

Bint Langoni, Lamu

Kaka wa tuktuk, abiria wako hawakuuliza kwa sababu sauti waliijua. Mtu haulizi "huyu nani" akisikia sauti ya jirani yake.

Mimi ni upande wa Ali na sioni haya. Matt Doyle simchukii, anaimba vizuri, na zile mpya alizoimba kwenye UB45 nazisikiliza. Tatizo langu ni zile za zamani zilizorudiwa. Ala zimepangwa, kila kitu kipo mahali pake, kisha sauti inaingia na roho inashtuka. Ni kama kuletewa mkate wa mofa uliookwa kwenye jiko la gesi. Umbo ni lile, harufu ya moshi haipo.

Na Unprecedented ina jambo ambalo halitarudiwa. Astro alifariki Novemba 2021, albamu ikatoka mwaka uliofuata. Kwa hiyo unamsikia mtu aliyekwisha kutangulia. Agosti ya 2021 hiyohiyo alikuwa ameshafariki Brian Travers, mpiga saksafoni wa upande wa Robin. Mwaka ule uliwapiga wote.

Tuktuk ya Barani, Malindi

Kwa hiyo tupakue kwa ajili ya rambirambi?

Bint Langoni, Lamu

Sikusema rambirambi. Nimesema sikiliza. Humo kuna wimbo wa Stevie Wonder wameugeuza rege, uweke, zima hiyo injini, kisha uje hapa.

Kijana wa Watamu

Mimi napita tu. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Nyinyi mnapigana kwa ajili ya mtu na kakake, huko Birmingham hawawajui hata kwa salamu.

Mzee wa Kanda, Mkomani

Vijana hamjambo. Nimeamkia swali hili nikalicheka, kisha likanikaa.

Binti yangu wa Langoni analalamika kwamba nyimbo zimerudiwa. Mwanangu, bendi hii jina lake kubwa imelipata kwa kurudia! Labour of Love ya 1983 yote ni nyimbo za watu wengine, zile za Jamaika walizozisikia wakiwa vijana mitaani Birmingham. Red Red Wine, iliyoshika namba moja Uingereza mwaka ule na Marekani 1988, ni ya Neil Diamond, mwimbaji wa Marekani. Wao waliijua kupitia Tony Tribe, aliyeipiga kwa rege kabla yao. Astro alikuwa akisimulia kwamba hata walipoona jina la mtunzi limeandikwa N. Diamond, walidhani ni Mjamaika fulani aitwaye Negus Diamond! Mtu unaimba wimbo wa jirani miaka, mwenye wimbo humjui.

Na Kingston Town ni ya Lord Creator, ya 1970. Mzee yule alikuwa amefikia pabaya kimaisha. UB40 walipoirudia kwenye Labour of Love ya pili, fedha za utunzi zikamfikia na zikamwinua. Kurudia wimbo si dhambi, basi. Inategemea unamrudia nani, na kwa nini.

Hapo ndipo mimi na UB45 tunapoachana kidogo. Walipoimba za wenzao walizitia kitu ambacho hakikuwamo. Sasa wanaporudia zao wenyewe, nasikiliza nikingoja hicho kitu kipya, nakuta wimbo uleule umevaa kanzu iliyopigwa pasi. Safi, lakini kanzu tu.

Nami niwaambie ilivyokuwa. Albamu yao ya kwanza, Signing Off, ya 1980, waliirekodi nyumbani kwa Bob Lamb, fundi wa sauti, chumba kidogo. Nafasi haikutosha, ngoma ndogo ndogo zikapigwa nje uani. Ukiisikiliza kwa makini, penye utulivu, unasikia ndege wanalia. Ndege wa Birmingham hao! Mimi ninayo kwenye kanda, nilinunua Mombasa nilipokuwa kibarua bandarini, na nilikuwa nikiwasimamisha watoto wangu mbele ya redio: nyamazeni, sikilizeni ndege. Kwenye hizi mpya mbili nimetafuta ndege, sijawaona.

Na jina lenyewe, vijana, UB40 ilikuwa fomu ya serikali ya Uingereza ya mtu asiye na kazi. Walikuwa hawana kazi, wakajiita fomu yao. Ndiyo maana mimi za mwanzo zilinigusa. Nami nilikuwa nikipanga foleni wakati ule.

Mukiniuliza nani ana haki ya jina, nitasema walipogawana, sauti ilikwenda huku, mdundo ukabaki kule. Kila mmoja ana nusu ya chungu, na anadai ndicho chungu.

Tuktuk ya Barani, Malindi

Shikamoo mzee. Hilo la ndege sikulijua. Nitalitafuta leoleo.

Lakini nusu yenye mdundo ndiyo inayobeba maji, mzee wangu.

Mzee wa Kanda, Mkomani

Marahaba. Beba basi, tuone yatafika nyumbani mangapi.

Mama Samaki wa Kupaka

Nyinyi nyote mnazungumza kana kwamba mtoto huyu anacheza muziki ukumbini. Mimi huwapikia abiria wa safari hizo za jioni, nimekaa nyuma ya chombo na sufuria zangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Niwaambie muziki unavyosikika baharini.

Tuktuk ina bati juu na kiti juu ya spika, kwa hiyo besi inazungukazunguka mle ndani na inakupiga mgongoni. Chomboni hakuna ukuta. Ile spika ndogo ya bluetooth unaifunga mlingotini, tanga limejaa upepo, maji yanapiga ubavuni, na besi inaondoka yote. Hata uongeze sauti vipi, kinachobaki ni sauti ya mtu, gitaa la kukatakata, na kidogo tarumbeta. Ukiongeza zaidi spika inaanza kukwaruza kama mtu anayeparuza magamba.

Kwa hiyo kaka wa tuktuk ana haki kwake Barani, ila alichosema hakisafiri. Kwa kazi ya chomboni, unataka sauti. Unprecedented.

Halafu kitu kingine, mwanangu nahodha. Abiria hawaji kusikiliza albamu. Mgeni amekaa, ameshika sambusa, jua linazama, hataki kufikiri huyu ni Ali au Matt. Wimbo wa tatu mfululizo asioujua, anaanza kuzungumza na mwenzake, muziki umekwisha kazi. Mpya zako ziingize moja moja katikati ya za zamani, kama tui la pili. Usimwage zote.

Bint Langoni, Lamu

Mama umemaliza. Nilikuwa napigana kwa moyo, wewe umeleta upepo.

Kijana wa Watamu

Swali la mtu anayepita tu. Kama upande mmoja una sauti na wa pili una mdundo, si uweke nyimbo mbili kutoka kila albamu basi? Kwani umelazimishwa kula samaki mzima?

Tuktuk ya Barani, Malindi

Huyu kijana anaongea maneno. Ila kwenye UB45 achukue mpya, si zile za kurudia. Hapo namkubalia Bint, na ni hapo tu.

Nimezima injini pia, Bint, nikasikiliza huo wa Stevie Wonder. Nilikuwa nimeegesha karibu na soko, mchana, jua kali. Sauti ya Ali imezeeka, imekwaruza kidogo mwishomwisho wa mistari. Sikuipenda mara ya kwanza. Niliirudia. Sitasema zaidi.

Bint Langoni, Lamu

Usiseme. Nimekusikia.

Nahodha Mdogo, Shela

Nashukuru nyote. Mama, kweli kabisa, spika naifunga mlingotini na sijawahi kufikiri besi inakwenda wapi. Jana niliijaribu: nikakaa mbele, nikamwambia binamu ashike usukani. Besi ilikuwa haipo. Nyuma kwenye usukani ilikuwepo kidogo, kwa sababu pale pana mbao za kukalia.

Nimeamua hivi. Unprecedented naipakua nzima. UB45, binamu atanirushia nyimbo tatu mpya kutoka kwenye simu yake, bure.

Limebaki moja la kuchekesha. Ami yangu Kiingereza hajui, ila neno "wain" analijua kwa sababu ya kuulizwa na wageni kila siku kama chomboni lipo. Juzi Red Red Wine imeanza, wimbo mzuri, watu wanatikisa vichwa, ami akaacha tanga akaja hadi kwenye spika. "Huyu anaitaka mara ngapi?" Nikamwambia ami, ni wimbo wa huzuni, mtu ameachwa na mpenzi. Akasema, "Basi na aende kwa kadhi." Akazima. Kwa hiyo huo nao hautapanda, mzee wa kanda anisamehe.

Mzee, hao ndege wa uani. Naweza kuja kuwasikiliza kwako? Ninazo nyaya za kurekodi kutoka kwenye redio kwenda kwenye simu.

Mzee wa Kanda, Mkomani

Karibu sana mwanangu, ila redio yangu ule mkanda wa mpira wa ndani umelegea, kanda inazunguka polepole, Ali anaimba kama amelishwa halwa moto. Lete mkanda wa mpira kwanza.

Nahodha Mdogo, Shela

Fundi wa redio nyuma ya soko anao, nimemuuliza sasa hivi. Anataka kujua ukubwa wake.

Mzee wa Kanda, Mkomani

Mimi nitaupima kwa uzi. Wewe ndoo yeo baada ya Isha, uuchukue huo uzi umpelekee. Na kahawa tungu itakuwapo.