Video ya mzunguko wa damu imependwa na darasa zima, lakini jaribio limeharibika. Nimekosea wapi?

Mwalimu_wa_Bonde

Habari za jioni, walimu wenzangu. Ninafundisha Baiolojia Kidato cha Pili katika shule ya kutwa yenye mikondo miwili. Projekta ni moja na walimu wote tunaigombania, hivyo nilisubiri zamu yangu majuma mawili ili niuonyeshe mkondo wa kwanza video ya dakika 26 kuhusu mzunguko wa damu. Tuliziba madirisha kwa kanga na magunia, na darasa likatulia kuliko nilivyowahi kuliona. Walipotoka walikuwa wakisimuliana jinsi chembe nyekundu zinavyosukumana mshipani kama abiria mlangoni mwa daladala.

Siku tatu baadaye niliwapa jaribio la swali moja: chora moyo, kisha onyesha kwa mishale njia ya damu kutoka mguuni hadi irudi mguuni. Kati ya wanafunzi 57, walioipitisha damu mapafuni ni tisa tu. Wengine walichora mshale mmoja unaoingia moyoni na mwingine unaotoka, basi. Mkondo wa pili, ambao uliikosa video kwa sababu umeme ulikatika na nikaufundisha kwa chaki, walipata kumi na mmoja. Siulizi kama video inafaa au haifai. Ninachotaka kujua ni kazi gani mwalimu anapaswa kuifanya wakati video inaendelea, maana nakiri kwamba mimi nilikaa nyuma nikasahihisha madaftari.

Chaki_na_Flashi

Mwalimu, sentensi yako ya mwisho imejijibu. Kitabu humsubiri msomaji arudie mstari aliokwama, lakini video haimsubiri mtu, na anayepotea katika dakika ya tatu huendelea kutazama picha nzuri hadi dakika ya 26 bila yeyote kujua kwamba amepotea. Mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Mayer, ambaye amelitafiti jambo hili kwa miaka mingi, anaeleza kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi somo la picha na sauti linapokatwa vipande na yeye mwenyewe kuamua lini aendelee, kuliko linapomiminwa kwa mkupuo mmoja.

Mimi huchagua dakika nne tu. Ninatumia VLC, programu ya kuchezea video, kwa sababu haihitaji intaneti na mwendo wa video unaweza kupunguzwa. Mara ya kwanza ninazima sauti na kusimulia mwenyewe. Kabla chumba cha chini cha kulia hakijajikunja, ninasimamisha picha na kuuliza damu itaelekea wapi, na sibonyezi tena mpaka kila mmoja ameandika jibu lake daftarini, hata kama ni la kubahatisha. Aliyekwisha kuandika hutazama kwa jicho la mtu aliyeweka dau. Sauti huja katika mzunguko wa pili, kwa kuwa msimulizi huzungumza Kiingereza cha haraka, na mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hutumia nguvu zote kuyakamata maneno, akabaki hana nguvu ya kuangalia vali, yaani vilango vya moyo.

Mstaafu_Ubaoni

Vijana wangu, nimefundisha somo hili miaka 34, na ninaona mmeanzia katikati. Kabla ya projekta, nendeni buchani mkanunue moyo wa ng'ombe. Mwambieni muuzaji mapema asiikate mishipa karibu na nyama. Mara nyingi moyo huo utakuja na mikato ya mkaguzi wa nyama anayetafuta vimelea vya tegu, lakini isiwaudhi, kwani mikato hiyo inawafungulia madirisha ya kuchungulia ndani. Mwanafunzi apime kwa vidole ukuta wa chumba cha chini cha kushoto na ule wa kulia: wa kushoto ni mnene kama mara tatu, na atauliza mwenyewe ni kwa nini.

Kisha mpe njiti ya ufagio wa chelewa, aiingize kupitia mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka mwilini. Itashuka hadi chumba cha chini cha kulia, na akiielekeza juu itatokea kwenye mshipa unaopeleka damu mapafuni. Akitaka kuivusha kwenda kushoto, atakuta ukuta. Wale wanafunzi wako waliochora mishale miwili hawajawahi kuugusa ukuta huo.

Video ianze pale kidole kinapoishia. Daktari Mwingereza William Harvey alieleza mzunguko wa damu mwaka 1628, lakini akafariki mwaka 1657 bila kuona damu inavyovuka kutoka ateri (mishipa inayoitoa moyoni) kwenda vena (inayoirudisha). Mwaka 1661 mwanasayansi wa Italia, Marcello Malpighi, aliziona kapilari, mishipa myembamba inayoziunganisha hizo mbili, kwa hadubini katika mapafu ya chura. Jambo ambalo Harvey mwenyewe hakulishuhudia ndilo linalostahili projekta yenu ya kugombaniwa.

Kaskazi

Nyongeza fupi kwa wasio na projekta kabisa. Vile vishikwambi ambavyo walimu waligawiwa baada ya Sensa ya mwaka 2022 vinatosha, mradi video iwe imeshapakuliwa na chaji imejaa. Wanafunzi saba wakizunguka kioo kidogo huona vizuri kuliko wa dawati la mwisho mbele ya ukuta uliofifia, na hakuna haja ya kuziba madirisha. Kundi moja litazame huku jingine likishika moyo, kisha wabadilishane. Sabuni na maji viwe karibu.

Mwalimu_wa_Bonde

Shikamoo, Mwalimu Mstaafu, na ahsanteni nyote. Jana nilirudia kipindi na mkondo wa pili: mioyo miwili ya ng'ombe, chelewa, kisha dakika nne za kapilari bila sauti. Binti mmoja ambaye huwa haongei alisukuma njiti yake mara tatu, akaitoa, akasema, "Mwalimu, haipiti. Lazima izunguke nje." Siku hiyo sikuwa nimetaja neno mapafu bado.

Leo asubuhi niliwapa jaribio lile lile. Kati ya 55, waliopata njia yote ni 34. Tisa wamebaki na mishale yao miwili, lakini kumi na wawili wamekosea kwa namna mpya: damu yao inafika mapafuni vizuri, kisha inarudi upande ule ule wa kulia. Nashuku ni kwa sababu tulipitisha njiti upande mmoja tu na upande wa kushoto nikaueleza kwa maneno. Je, ile mishipa inayotoka mapafuni hubaki kwenye moyo wa buchani, au hukatwa pamoja na mapafu yenyewe?